Swali la Mwezi Nusu

Mwalimu Wubnesh Tarekegn aliapishwa Jumatatu asubuhi, mkono wa kulia juu ya Biblia, mbele ya maafisa watatu na askari mmoja aliyekuwa akipiga miayo. Aliapa kwamba hatamwambia mtu yeyote, hata mumewe, kuwa yeye ni mmoja wa watunga mtihani wa darasa la nane. Simu yake ikatiwa ndani ya bahasha, bahasha ikapigwa lakiri, na lango la chuo cha ualimu likafungwa kwa kufuli nyuma yake. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda mafunzoni.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Ishirini na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameimalizia katika shule moja, pale Wofit Amba, mji mdogo wa juu milimani wenye barabara moja ya lami na baridi ya kutosha miji mitatu. Alifundisha sayansi. Hakuwa mwalimu wa kupayuka wala wa kuchapa. Sifa yake ilikuwa moja tu: hakukubali jibu la kukariri. Mtoto akisema dunia inazunguka jua, yeye atauliza, "Nani kakwambia?" Akisema kitabu, atauliza, "Na kitabu kimejuaje?" Watoto wengine walimkimbia. Waliobaki naye walikuwa wanajua wanachokisema.

Somo lake lililojulikana zaidi lilikuwa la mwezi. Alikuwa akiziba madirisha ya darasa kwa magunia, anawasha koroboi mezani, kisha anampa kila mtoto chungwa alishike mkono ukiwa umenyooka. "Kichwa chako ndicho dunia," anasema. "Koroboi ni jua. Chungwa ni mwezi. Haya, geuka polepole, uniambie unaona nini." Na mtoto anageuka, na chungwa linang'aa ubavu mmoja kidogo, kisha nusu, kisha lote, kisha linaanza kurudi kuwa nusu. Kila mwaka kulikuwa na mmoja wa kupiga kelele. Mwaka ule alikuwa Bezawit Molla, binti wa mfumaji wa mashela, mtoto mwembamba anayebishana hata na kengele ya shule.

"Mwalimu! Kumbe haufunikwi na kitu! Ni sisi tu tunauona kwa pembeni!"

"Rudia," alisema Wubnesh, "wenzako wasikie."

Kwa hiyo pale chuoni, kwenye sehemu ya mfumo wa jua, ambayo alipewa maswali manane ayatunge, la thelathini na saba lilikuwa la mwezi. *Kwa nini siku fulani tunauona mwezi nusu?* Chaguo A: mawingu yameufunika. B: kivuli cha dunia kimeufunika. C: tunaona sehemu tu ya upande wake unaomulikwa na jua. D: mwezi umesogea mbali. Jibu, C. Aliliandika, akalisoma mara mbili, akalikabidhi.

Maisha ya mle ndani yalikuwa ya kuhesabu siku. Walikuwa watu kumi na mmoja wa masomo yote, wapishi wawili, mchapaji na mashine yake, na madirisha yaliyobandikwa magazeti hadi juu. Asubuhi mkate wa injera na mchuzi wa shiro, mchana injera na shiro. Baada ya chakula wapishi walikaanga kahawa, na watu wakaketi kuinywa mara tatu kama kawaida, ila hakuna aliyekuwa na habari mpya ya kusimulia. Walioruhusiwa kuliona jua waliliona katika ua mmoja wa saruji, nusu saa kwa siku, askari amesimama mlangoni.

Mkubwa wao na msimamizi wa kazi alikuwa Desalegn, mzee wa miaka sitini hivi, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, ambaye wote walimwita Gashe kwa heshima ya umri wake. Mdogo wao alikuwa Yihenew, mwalimu wa hesabu, kijana wa kucheka ovyo wiki ya kwanza. Wiki ya tatu alikuwa hacheki tena. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi tisa, ya kwanza, na yeye hakuwa na njia ya kujua kama kajifungua au la.

"Etiye," alimwambia Wubnesh, kama watu wanavyomwita dada mkubwa, "hivi mtu akizaa na baba hayupo, jina anampa nani?"

"Mama yake mkeo. Na atampa jina baya, kwa hasira."

Yihenew alicheka, kisha akaenda kusimama dirishani, akasoma gazeti lililobandikwa, ambalo alikwisha kulisoma mara mia.

Siku ya kumi na tisa Wubnesh aliugua tumbo, akalala siku mbili chumbani. Siku hizo mbili ndizo zilizotumika kuhakiki majibu. Aliporudi mezani, karatasi za mtihani zilikuwa zimekwisha kuchapwa, marundo yamefungwa kamba hadi kwenye dari, na kazi iliyobaki ilikuwa moja: kila mtunzi aisome karatasi ya majibu ya somo lake na kutia sahihi chini. Alishuka na kalamu, thelathini na tano, thelathini na sita. Thelathini na saba: B.

Alidhani macho yake bado yana homa. Akaenda kwa Desalegn.

"Gashe, hapa pamekosewa. Thelathini na saba ni C."

Desalegn akavaa miwani. "Hapana, nimerekebisha mimi mwenyewe. Mwongozo wa ofisi ya mitihani unasema kivuli. Ukurasa wa kumi na mbili. Ulikuwa mgonjwa, sikutaka kukusumbua."

"Mwongozo umekosea. Kivuli ni pale mwezi unapopatwa. Huu ni mwezi nusu, wa kila mwezi."

"Wubnesh, dada yangu. Wewe na mimi si wa kuusahihisha mwongozo."

"Basi njoo uone."

Ilikuwa saa tatu asubuhi, wakati wao wa ua. Alimvuta mzee wa watu kwa mkono wa koti, kitu ambacho kwa siku za kawaida asingethubutu, akamsimamisha katikati ya saruji. Mvua ya usiku ilikuwa imeosha anga. Upande wa mashariki jua lilikuwa limepanda juu ya mapaa. Upande wa magharibi, mweupe kama doa la chokaa, ulikuwapo mwezi nusu.

"Jua lile," alisema Wubnesh. "Mwezi ule. Na wewe huyu hapa. Kivuli chako kiko wapi?"

Desalegn alitazama chini. Kivuli chake kilikuwa kimelala kwenye saruji, kirefu, kimeelekea ukutani.

"Kinakwenda chini, Gashe. Na cha dunia nzima kinakwenda huko huko chini, nyuma ya kilima. Mwezi uko juu kule. Kimefikaje? Na tazama ubavu unaong'aa. Umeelekea wapi?"

Mzee aliutazama mwezi kwa muda mrefu, miwani mkononi. Askari naye akainua uso kuutazama.

"Huenda unasema kweli," alisema Desalegn mwishowe, kwa sauti ya chini. "Mimi sina ugomvi na mwezi. Nina ugomvi na tarehe. Karatasi zimechapwa. Jibu likibadilishwa baada ya kuchapa, mtihani wa somo hilo unachomwa moto na tunatunga upya. Ndiyo kanuni tangu mwaka ule mtihani ulipoibwa. Ni siku kumi na tano nyingine humu ndani. Watu wote, si wewe peke yako. Lango halifunguliwi kwa mmoja mmoja."

"Basi tukae siku kumi na tano."

"Nenda kawaambie wewe."

Wubnesh alikwenda kuwaambia. Walikuwa wamekaa kwenye viti vya kahawa, na wote walikuwa wamekwisha kusikia. Hakuna aliyegomba. Mwalimu wa historia alisema swali moja kati ya arobaini si kitu cha mtu kufia. Mpishi mmoja akajifunika uso kwa ncha ya shela; alikuwa na mtoto anayenyonya aliyemwacha kwa dada yake. Yihenew alikuwa amekaa kichwa kati ya magoti, na mgongo wake ulikuwa ukitikisika.

"Yihenew," Wubnesh akamwita.

"Sahihi yako, Etiye, naomba," alisema bila kuinua kichwa. "Naomba tu. Unipige baadaye, unitukane baadaye. Nataka kwenda nyumbani."

Alirudi mezani. Aliishika kalamu akaiweka, akaishika tena. Aliwawaza watoto wake sitini na wanane na machungwa yao. Akawaza kwamba huenda wengine watasahau na kuchagua B, na mara akaona haya kwamba ameanza kuwaombea watoto wake wasahau. Akatia sahihi. Desalegn akagonga muhuri juu yake, taratibu.

Walifunguliwa siku mtihani wa mwisho ulipomalizika. Yihenew aliondoka mbio bila kuaga, mabegi mawili mgongoni.

Wubnesh alifika Wofit Amba alasiri, mvua imeanza, na kabla hajavua hata viatu wasichana wanne walikuwa mlangoni, Bezawit mbele yao, miguu imejaa tope.

"Mwalimu! Mafunzo gani hayo ya mwezi mzima? Umekosa raha! Walituuliza lile la chungwa!"

"Lipi?"

"La mwezi nusu! Sote tumechagua C. Hata Mekdes, ambaye hajui kitu, amechagua C!"

"Wee!" akasema huyo Mekdes, akimpiga kikumbo. "Najua vitu!"

"Na mjinga mmoja wa shule ya bondeni eti ameandika kivuli. Nilimcheka njia nzima. Mwalimu, mbona hufurahi?"

"Nimechoka na safari," alisema Wubnesh. "Ingieni, mtalowa."

Wakaingia, wakanywa chai, wakarudia maswali yote arobaini mmoja baada ya mwingine, na yeye akaitikia kama mtu anayeyasikia kwa mara ya kwanza. Mumewe, Shiferaw, fundi wa viatu, mtu wa maneno machache, alimtazama kutoka kwenye benchi lake. Wasichana walipoondoka alisema, "Una nini?" Akajibu, "Sina kitu." Ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya tangu waoane, ukiacha yale mafunzo.

Matokeo yalitoka mwezi wa Nehase, mvua zikiwa zimekolea. Pamoja nayo ofisi ya wilaya ilituma jambo jipya: karatasi inayoonyesha kila shule imefanyaje kwa kila mada. Seli, vizuri. Umeme, vizuri. Mfumo wa jua: Wofit Amba, ya mwisho kati ya shule ishirini na sita. Swali la thelathini na saba, watoto sitini na wanne kati ya sitini na wanane walikuwa wamekosa.

Msimamizi wa elimu wa wilaya alimwita. Aliitwa Getnet, kijana kuliko yeye, si mtu mbaya, na alimpa kiti kabla hajaanza.

"Mwalimu, mimi nakuheshimu. Dada yangu umemfundisha wewe. Lakini nitasemaje huko juu? Kosa la mtoto mmoja ni la mtoto. Sitini na wanne wakikosa kwa namna moja, herufi moja, hilo si kosa lao. Hilo wamefundishwa."

"Wamefundishwa, ndiyo."

"Basi unakubali?"

Wubnesh alifungua mdomo. Kama angesema jibu la ofisi ndilo lililokosewa, Getnet angeuliza yeye amelijuaje jibu la ofisi, ambalo halitolewi kwa mtu. Kama angesema alikuwa ndani, amevunja kiapo. Tena wangetazama watoto sitini na wanne wenye jibu moja na mwalimu wao aliyeutunga mtihani, na neno la kwanza litakalowajia ni wizi. Na hata angeyavuka hayo yote, kulikuwa na ile sahihi.

"Nakubali kwamba nimewafundisha mimi," alisema.

"Basi utakwenda mafunzo ya kujikumbusha, siku mbili, mwezi wa Pagume, ule mfupi wa kufunga mwaka. Usione vibaya."

Lile la Bezawit lilikuja wiki hiyo hiyo. Shule ya bweni ya sayansi ya jimbo ilichukua watoto thelathini wa kwanza kutoka wilaya zote za upande ule. Bezawit alikuwa wa thelathini na moja. Alama moja.

Hakuja na wenzake. Alikuja peke yake, amejitanda shela la baba yake, na daftari la sayansi kwapani limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Akaketi, akalifungua mezani.

"Sayansi nimepata thelathini na tisa," alisema. "Nimekosa moja. Nimelitafuta, mwalimu. Nimepitia kitabu chote. Silioni. Nionyeshe nilipokosea, ili nisirudie."

Shiferaw aliweka nyundo chini, akatoka nje kwenye mvua bila kuvaa kofia.

"Hukukosea," alisema Wubnesh.

"Imeandikwa thelathini na tisa."

"Hukukosea, Bezawit. Jibu lao ndilo baya. Ni lile la mwezi. Wao wameweka kivuli."

Mtoto alikunja uso. "Umejuaje?"

Basi akamwambia. Alimwambia lango, na madirisha, na ule ua, na mtu aliyelia. Alimwambia hadi sahihi. Alikuwa ameapa juu ya Biblia, na maneno yalimtoka mepesi kuliko alivyodhani, kama kikohozi kilichokuwa kimekaa kifuani.

Bezawit alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Siku ile tumekuja na tope, tunacheka. Ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Na yule wa bondeni, niliyemcheka, ndiye kapata." Alifunga daftari. Hakulia; Wubnesh angependa alie. "Sasa, mwalimu, wakiniuliza tena? Nijibu lipi?"

Wubnesh alitazama meza. Bezawit alingoja kidogo, kama alivyofundishwa kumngojea mkubwa, kisha akainama kwa adabu, akajitanda shela, akaondoka.

Asubuhi yake Wubnesh aliandika barua kwa ofisi ya mitihani, kwa jina lake kamili na la shule. Alieleza swali, jibu, sababu, na sahihi yake mwenyewe. Akampigia simu Yihenew, aliyekuwa amepata mtoto wa kike siku nne kabla ya lango kufunguliwa.

"Tia jina lako chini ya langu," alimwomba. "Wewe ulikuwapo. Uliona."

Upande wa pili kitoto kikalia.

"Unamsikia?" alisema Yihenew. "Etiye, mimi nimeajiriwa juzi. Wataniuliza kwa nini nilinyamaza. Nitawaambia nini, kwamba nilikuwa nataka kwenda nyumbani?"

"Waambie hivyo hivyo. Ndivyo ilivyokuwa."

"Siwezi. Nisamehe."

Akaituma yenye jina moja.

Mafunzo ya Pagume yalifanyika katika ukumbi wa wilaya, walimu kumi na wanane kutoka shule zilizofanya vibaya. Mkufunzi alikuwa msichana mchangamfu kutoka mjini, na alianza kwa kuwapa jaribio dogo la maswali kumi, ili ajue, alisema, kila mmoja yuko wapi. La nne lilikuwa la mwezi nusu. Lilikuwa lake mwenyewe, neno kwa neno, na chaguo zake nne.

Walimu wa pande zote walikuwa wakijaza haraka haraka, wengine wakichungulia. Akajaza C.

Alama zilisomwa kwa sauti. Wubnesh, tisa. "Karibu!" alisema mkufunzi. "Umeteleza kwenye mwezi tu. Kesho utarudia."

Kesho yake akarudia, akajaza C. Siku ya pili ikaisha, wenzake wakapewa vyeti, wakapiga picha, wakaondoka kwenda kujiandaa kwa mwaka mpya, maana ilikuwa imebaki siku moja. Mkufunzi alibaki naye ukumbini, amechoka, mkoba begani.

"Mama yangu," alisema, "sitaki kukuacha bila cheti. Bila cheti hawatakurudishia darasa la nane. Mimi sitaki hata maelezo. Weka B hapa, nitie sahihi, sote twende nyumbani."

Wubnesh alikuwa na kalamu mkononi. Hakuna mtu aliyekuwa amemfungia mlango. Ukumbi ulikuwa wazi, na nje watoto walikuwa wakipita na mafungu ya maua ya manjano ya mwaka mpya. Akamkumbuka Yihenew, akafikiri kwamba kwenda nyumbani ni neno linalomfaa kila mtu.

"Wewe mwanangu, nenda," alisema. "Andika nimeshindwa."

"Lakini unalijua jibu wanalolitaka?"

"Nalijua sana."

Msichana aliandika, huku akitikisa kichwa.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa Meskerem, wa kwanza wa mwaka mpya, Wubnesh alipewa darasa la sita, mimea na udongo. Darasa la nane alipewa kijana mgeni mwenye cheti. Kati ya vyumba vile viwili kulikuwa na ukuta wa udongo uliopasuka juu. Siku ya mada ya mfumo wa jua alisikia kila kitu. Alisikia mgeni akisoma, na sauti za watoto hamsini zikiitikia pamoja: *kivuli cha dunia, kivuli cha dunia.* Alikuwa ameshika mmea wa maharage, mizizi ikidondosha udongo mezani. Aliunyanyua ule mmea, watoto wote wauone.

"Mwalimu," alisema mtoto wa mbele, "huo mzizi ndio unakunywa maji?"

"Nani kakwambia?" aliuliza Wubnesh.

Jibu la barua lilikuja mwezi wa Tahsas, miezi mitatu baadaye, kurasa mbili. Ya kwanza ilisema swali husika limeondolewa kwenye hazina ya maswali. Haikusema kwa nini. Ya pili ilikuwa onyo la maandishi kwa kuvunja kiapo, na jina lake lilikuwa limefutwa katika orodha ya watunzi. Juu ya watoto sitini na wanne, hakukuwa na mstari hata mmoja. Alizisoma zote mbili akiwa amesimama uani, akazikunja.

Bezawit alikuwa ameanza sekondari ya pale pale mjini. Walikutana mara nyingi njiani, mtoto akienda na wenzake, naye akirudi sokoni. Kila mara Bezawit alipisha njia, akainamisha kichwa, akasema, "Umeamkaje, mwalimu," kama inavyompasa mtoto aliyelelewa. Wubnesh alijibu, akaulizia baba, akaulizia masomo. "Mzima," alisema Bezawit. "Yanaendelea." Kisha akawafuata wenzake.